Tangazo Nililomwandikia Baba Yako

Mwanangu Mutoni,

Sanduku lako limeshafungwa, liko karibu na mlango, na wewe umetoka kwenda kuwaaga wenzako. Baba yako yuko sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Mimi niko jikoni na karatasi hizi. Habari za sweta, za kutoshika simu ovyo barabarani, za kula kabla ya kwenda kazini, shangazi yako amekwisha kukuambia zote, na zilizobaki Nairobi yenyewe itakufundisha. Sina hamu ya kuzirudia. Nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu siku uliyohojiwa na hao waajiri wako.

Ulikuwa chumbani, simu umeifungulia sauti, mlango hukuufunga vizuri. Nilikuwa napita na beseni la nguo. Nikamsikia mwanamke akikuuliza ni nani aliyekufundisha kuandika matangazo. Ukamjibu, "Mama yangu. Ndiye aliyeandika tangazo la 'Cha zamani kitupe, keti upya.'" Yule mwanamke akacheka, akasema analikumbuka sana, aliwahi kufanya kazi Kigali miaka hiyo na hata dereva wa pikipiki aliyekuwa akimbeba alikuwa akiliimba. Nawe ukacheka. Nadhani kazi uliipata hapo hapo.

Nilitoka nje nikaanika nguo. Sikukukasirikia. Maneno yale yalipotoka ulikuwa bado shule ya msingi, na ulichokijua ni kile tulichokuachia ukijue: kwamba mama aliandika tangazo zuri, na kwamba karakana ya baba haikwenda vizuri. Ukakua ukidhani hayo ni mambo mawili. Ni jambo moja, Mutoni. Na kwa kuwa unakwenda kuifanya kazi ile ile, tena maneno yale ndiyo yaliyokufungulia mlango, sitaki uyabebe bila kujua yalimbeba nani kabla yako.

Nianze na baba yako, maana wewe umemkuta amekwisha kuwa huyu unayemjua, mtu wa kurudi jioni, kula na kunyamaza. Nilipomjua mimi alikuwa mtu wa maneno. Tulikutana hapa Kigali, sote tumetoka Tanzania, mimi kwetu Karagwe na yeye Ngara, watoto wa wakimbizi tuliorudi katika nchi tuliyoijua kwa masimulizi ya wazazi. Kinyarwanda chetu kilikuwa na makovu, watu walikuwa wanatucheka sokoni, kwa hiyo tukiwa wawili tulisema Kiswahili, na mpaka leo ndicho tunachosema humu ndani, tunaposema. Yeye alikuwa na useremala aliofundishwa na mjomba wake. Mimi nilikuwa na shule kidogo na Kiswahili kizuri, na hicho ndicho kilichonipatia kazi katika kampuni ya matangazo pale juu, Sonatubes.

Karakana yake ilikuwa Kimisagara, chini bondeni, kati ya wachomeleaji na mafundi cherehani. Mtu akimuuliza kazi yake alijibu, "Natengeneza viti vya watu." Mimi niliyekuwa nalipwa kwa kusikiliza maneno sikuwahi kulisikiliza hilo. Kutengeneza, katika lugha yetu, ni kuunda kitu kipya, na pia ni kukirudishia uzima kilichoharibika. Yeye alikuwa anasema la pili. Mimi nilikuwa nasikia la kwanza. Nilijua kwamba anarekebisha vitu vya zamani, nilikuwa naviona vimepangwa ukutani kila nikishuka Jumamosi, viti vilivyong'oka miguu, vitanda vya kizamani, kabati la bibi fulani. Nilidhani hiyo ni kazi ya kusubiria kazi.

Kulikuwa na sherehe moja ya kufunga mwaka pale ofisini, wewe ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa jirani. Mkurugenzi wetu, Dezire, mtu wa suti nzuri na maneno mengi, akamuuliza baba yako anafanya nini. Baba yako akajibu vile vile: natengeneza viti vya watu. Dezire akasema, basi wewe ni daktari wa viti, na meza nzima ikacheka. Baba yako naye akacheka, maana alilipenda jina hilo. Nami nikacheka, lakini uso ulikuwa unaniwaka moto. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa kimya, yeye akadhani nimechoka.

Tangazo lile lilianzia pale. Watu wanapenda kusema nilimwandikia mume wangu tangazo kwa mapenzi, na Dezire alipenda kuwasimulia wateja hivyo. Nilimwandikia kwa aibu. Nilitaka siku nyingine akiulizwa ajibu kwamba ana kampuni ya samani. Nimekuambia hili mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo nilipaswa kujiuliza, na ndilo ambalo hata leo sijaona likifundishwa popote: kwa nini nataka kuyaandika maneno haya, na ni kwa ajili ya nani?

Jioni moja nikamkalisha, nikamuuliza maswali tuliyozoea kumuuliza kila mteja. Unauza nini. Unamwuzia nani. Unawapita wenzako kwa lipi. Wakupigie namba gani. Akajibu yote kwa utaratibu, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Vitanda, makabati, viti. Namwuzia yeyote anayekuja. Situmii gundi mbaya. Namba unaijua. Nikaona nimemaliza kazi.

Maswali yale hayakuwa na kosa la nje. Kosa lilikuwa kwamba aliyeuliza alikuwa ameshajua atakachoandika, anatafuta tu msumari wa kukitundikia. Mtu wa namna hiyo ukimjibu ukweli hausikii, kwa kuwa hakuuomba. Ningemuuliza mtu wa mwisho aliyeingia karakanani alikuwa amebeba nini, angeniambia. Ningemuuliza mtu huyo alipita kwa mafundi gani kabla ya kufika kwake, na siku alipokabidhiwa kitu chake alisema nini, baba yako angezungumza mpaka chakula kipoe. Na lingekuwapo la mwisho, ambalo baadaye sikuacha kuliuliza: ni nani usingependa alisikie tangazo hili? Hapo angenitajia mtu. Ningemjua bibi mmoja, Mukecuru Koleta, kabla hajaja kwa miguu yake.

Siku chache baadaye maneno yalinijia nikiwa kazini. Niliyaandika kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ya Kiswahili ndiyo yaliyoshika kwa kuwa ni mafupi. Cha zamani kitupe, keti upya. Niliyaleta nyumbani kama mtu aliyeleta nyama. Nilisimama hapa hapa jikoni, baba yako ameketi, nikamsomea kwa sauti ya redioni, mara moja, kisha tena. Alinitazama. Halafu akasema, "Ni maneno mazuri." Nikalichukua hilo kuwa ndiyo.

Dezire aliyapenda mno. Akatupatia nafasi redioni kwa hisani, na kibao kikapandishwa pale kwenye njia panda ya Sonatubes, mahali ambapo magari hukwama na watu hawana la kufanya ila kusoma. Basi wakasoma. Simu ya baba yako ikaanza kulia asubuhi mpaka jioni. Walikuja watu wa nyumba mpya za Kinyinya, ambao kuta zao zilikuwa bado zinanuka rangi, wanataka sofa, wanataka makabati ya ukuta mzima, tena wanataka upesi kabla ya wageni wa kuzindua nyumba. Nilikuwa namtembelea na kuwaangalia wanavyojipanga mlangoni. Nilijiona mke wa mtu wa maana.

Hakuwa na mbao kavu za kutosha. Mbao nzuri huhitaji kukaa, zipumue, zikauke polepole, na wateja niliomletea hawakuwa watu wa kukaa. Akanunua mbao mbichi. Akaongeza mafundi ambao hakuijua mikono yao. Alikuwa anarudi nyumbani amechelewa, vumbi la mbao kwenye kope, na nikimuuliza mambo vipi anajibu, wanakuja. Nikafurahi. Hilo nalo halikuwa swali, Mutoni. Ukimuuliza mtu mambo vipi umempa ruhusa ya kutokujibu.

Vile vya zamani vilivyokuwa ukutani alivirundika nyuma ya karakana, akavifunika turubai. Alikuwa anasema atavirudia mambo yakitulia.

Sasa nakuja kwa Mukecuru Koleta. Alikuwa bibi mwembamba, anaishi mwenyewe juu kidogo ya Kimisagara, amevaa mishanana yake safi, yale mavazi ya kufungwa begani, kila wakati kama anayekwenda kanisani. Kiti chake kilikuwa cha mbao ngumu, chenye mikono, mguu mmoja umeachana na mwili. Kilikuwa kimekaa kwa baba yako muda, kwa sababu alitaka kuupata mti wa namna ile ile asije akakiwekea mguu wa kigeni. Alishaupata. Mguu ulikuwa umechongwa tayari, umebaki kuunganishwa, ndipo tangazo likaanza.

Alikuja Jumamosi, nami nilikuwapo, nimeketi kwenye sofa jipya la mtu. Karakana ilikuwa imejaa wateja. Alisubiri zamu yake kama wengine. Alipofika mbele akamwita baba yako kwa jina lake, kwa Kinyarwanda cha polepole.

"Kayitare, kiti changu mmeshakitupa?"

"Hapana, mama. Kipo. Nimechelewa tu."

"Redioni mmesema cha zamani kitupwe."

Baba yako aliinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyejibu. Nikainuka na tabasamu langu la kazini, nikamwambia lile ni tangazo tu, halimhusu yeye. Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Linamhusu nani?"

Jibu lake sijalipata mpaka leo. Nilikuwa nimeandika tangazo zima bila kujua linamhusu nani. Nikagunaguna. Akanisubiri kidogo, kwa adabu, halafu akamgeukia tena baba yako, akasema, "Katika nyumba ya baba yangu kilibaki hicho." Unajua unapoishi. Hapa mtu akikuambia kilibaki hicho, huulizi vingine vilikwenda wapi wala waliovikalia wako wapi. Mmoja wa Kinyinya, mwanamume aliyekuwa anapima sofa kwa hatua zake, alitoka nje.

Yule bibi alitaka kiti chake kama kilivyo. Baba yako akamwambia ampe mpaka jioni tu, atakimaliza. Hakutaka. Kikatolewa chini ya turubai, akamwita mbeba mizigo akakipandisha kichwani, wakaanza kukwea ile njia ya mawe. Baba yako akachukua ule mguu mpya aliouchonga, akawafuata nyuma, anamwita, mama, mama. Yule bibi hakugeuka. Nilisimama mlangoni nikimwangalia mume wangu, mtu mzima, anapanda mlima na mguu wa kiti mkononi, na watu wa Kimisagara wanamtazama.

Alirudi baadaye bila ule mguu. Akanawa mikono, akaendelea na sofa.

Alikwenda kwake tena, Jumapili kadhaa, akimwomba amruhusu amalizie pale pale uani. Mara ya mwisho yule bibi akamwambia kwamba fundi mwingine ameshakishughulikia, kinayumba kidogo lakini anakikalia. Akamkaribisha maji, akamshukuru kwa kuja. Hilo baba yako alinisimulia akiwa amegeukia ukuta, na nadhani ndiyo habari ndefu ya mwisho aliyowahi kunipa kuhusu kazi yake.

Wateja wale wa zamani waliacha kuja. Hawakugombana naye, hawakumsema vibaya, waliacha tu. Walikuwa watu wanaoleta kitu kimoja kila baada ya muda mrefu, kisha wanamleta jirani, kisha mtoto wa jirani, na hao ndio waliokuwa wametulisha miaka yote nikidhani anasubiri kazi. Kwa wale wa Kinyinya nao, kiangazi kilipoingia, mbao zilianza kujikunja. Milango ya makabati ikakataa kufunga. Mwanamke mmoja alipiga picha kabati lake lililopinda, akaiweka picha mtandaoni, akaandika chini yake: Na hiki kipya nacho tukitupe? Watu wakacheka siku nzima. Dezire alinionyesha kwenye simu yake, yeye mwenyewe anacheka, akaniambia nisijali, maana yake maneno yetu yameingia vichwani mwa watu.

Karakana ilifungwa kabla hujamaliza shule ya msingi. Randa, patasi, misumeno ya mjomba wake, vyote alivitoa. Sikumwona akiviuza, nilikuta tu havipo. Akaenda kuajiriwa katika lile duka la samani zinazokuja kwenye maboksi kutoka ng'ambo. Anafungua boksi, anasoma mchoro, anakaza skrubu, anafunga la pili. Nilidhani ni kwa muda. Na humu ndani hajashika tena ubao. Meza hii ninayoandikia imeyumba miaka yote, unaijua, tumeikunjia karatasi chini ya mguu. Siku moja ulipokuwa sekondari ulisema kwa mzaha, nyumba ya fundi, meza inacheza. Baba yako alitabasamu, akanywa chai yake. Nilitaka kukupiga kofi. Hukuwa na kosa, hakuna aliyekuambia kitu.

Hajawahi kunilaumu. Heri angenilaumu. Nami nina uchungu naye kwa hilo, nisikufiche. Alijua. Nilipomsomea maneno yale alijua ni viti vya nani vinavyoambiwa vitupwe, na alikuwa na mdomo. Nimekaa naye miaka hii yote nikiwa na hatia ambayo ni yangu na hasira niliyo nayo juu yake, zimelala kitanda kimoja.

Maneno yenyewe hayakufa. Ndiyo ubaya wa maneno mazuri. Niliwahi kukaa kwenye harusi moja, meza moja na mwanamume aliyekuwa amemwacha mke wake wa miaka mingi na kumwoa msichana. Wenzake wakamuuliza imekuwaje, akasema, "Cha zamani kitupe, keti upya," na meza ikaangua kicheko. Hakujua aliyeketi mbele yake ni nani. Mkewe wa kwanza nilikuwa namjua. Nilikula wali wangu nikamaliza. Ukikaa na wanaume wa mji huu utaisikia hiyo, wanaitumia hivyo mpaka leo, wala hawakumbuki kwamba kulikuwa na seremala.

Pengine utauliza, baada ya hapo nilibadilika nikafanikiwa? Nilibadilika. Sikufanikiwa. Kazi yetu haina mtu anayekushukuru kwa swali.

Alikuja bwana mmoja anayeuza matangi ya maji. Nikamuuliza anauza nini na wapi, akajibu vizuri. Kisha nikamuuliza, "Kuna mtu aliyenunua kwako akajuta? Alijutia nini?" Akanitazama, akamtazama Dezire. Kazi ile akapewa kijana mwingine, akamwandikia wimbo. Baadaye Dezire akaniita ofisini, akaniambia wateja wanalalamika kwamba nawahoji kama askari, wao wamekuja kununua maneno, hawakuja kuungama. Nikamwambia siwezi kuandika nisichokijua. Akaniambia zamani uliweza, tena vizuri sana. Tangu hapo wanaponipa kazi ni zile salamu za makampuni: heri ya Krismasi, heri ya Idi, heri ya mwaka mpya. Hakuna swali la kuuliza kuhusu heri ya mwaka mpya. Vijana niliowafundisha mimi ndio wananipitishia rasimu zao nisahihishe nukta.

Moja ilikwenda vizuri, nikuambie, usije ukadhani nakukatisha tamaa kwa makusudi. Kulikuwa na mama mmoja mshonaji wa sare za shule, huko huko Kimisagara. Alitaka tuseme sare zake ni maridadi. Nilikaa dukani kwake asubuhi nzima bila kuandika kitu, nikasikiliza wazazi. Hakuna aliyeuliza kama ni maridadi. Kila mama aliuliza, "Ataivaa mpaka lini?" Kisha anachukua iliyo kubwa kuliko mtoto. Nikamuuliza mshonaji kama anaweza kuacha pindo refu ndani, la kufumuliwa mtoto akirefuka. Akasema anaweza, ila hakuwa amefikiri kulisema. Basi tukasema hilo tu. Hakuna aliyeliimba. Halikutajwa kwenye sherehe yoyote. Yule mama bado ana duka lake, na kila nikipita ananiita nisalimie. Ndilo tangazo langu zuri, na hukulijua, kwa hiyo hukulitaja kwa wale watu wa Nairobi.

Huko uendako watakupenda kwa wepesi wako. Una wepesi, umeurithi kwangu, na unanitia hofu kuliko hiyo barabara ya usiku itakayokufikisha Nairobi. Mteja ataingia, kabla hajaketi utakuwa umeshayasikia maneno kichwani, mazuri, yanang'aa. Yakikujia mapema hivyo, jua hayajatoka kwake. Yametoka kwako, kwenye aibu yako au tamaa yako au hamu yako ya kupigiwa makofi. Sikuambii uyakatae. Najua hutaweza, mimi nilishindwa. Nakuambia tu uende mahali penyewe, ukae pale na watu wanaoingia, mpaka uweze kujibu lile swali nililoulizwa nikiwa nimesimama kwenye karakana ya mume wangu. Ukiona huwezi kulijibu, usiandike. Watakuona mzito. Watampa kijana mwingine. Nimekuambia gharama yake, sijaificha.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna kilichotokea jioni hii, muda mfupi tu baada ya wewe kutoka, na sina mwingine wa kumwambia.

Nilikuwa nimemwandalia baba yako chakula. Akala kimya kama kawaida. Nikawaza kwamba kesho nyumba hii itabaki na watu wawili tu, na kwamba nimewauliza wageni maswali miaka mingi, bali yeye nimemuuliza kama chumvi inatosha. Nikavuta kiti nikaketi mbele yake.

"Siku ile nilipokusomea tangazo," nikamwambia, "ulijua kwamba si lako. Kwa nini ulisema ni maneno mazuri?"

Aliacha kutafuna. Nilidhani atainuka aende zake, ndivyo anavyofanya. Sikuongeza neno. Ilikuwa vigumu, Mutoni, kutoongeza neno. Nilikuwa na majibu yote tayari ya kumsaidia nayo, nikayameza.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Tangu tuoane sikuwa nimekuona ukiifurahia kazi yangu. Nikaona nisiiharibu siku."

Kisha akamalizia chakula chake, akanawa, akaenda kufungua redio.

Kwa hiyo haikuwa woga, wala uvivu, wala dharau, na mimi nimemhesabia yote matatu kwa miaka hii. Alijua ninaionea aibu kazi yake. Alijua hata usiku ule wa sherehe, nilipodhani anadhani nimechoka. Akanipa karakana yake nifurahi jioni moja.

Sijui nifanye nini na jibu hilo. Halijanipunguzia kitu. Uchungu niliokuwa nimemgawia nusu umerudi wote kwangu, na nimeketi nao hapa nikikuandikia, naye nasikia anakohoa sebuleni. Liko swali jingine ambalo sijamuuliza. Nimekuwa nikijiambia kwamba mtoto yupo, si vizuri, atasikia. Kesho basi lako likishaondoka kituoni Nyabugogo, tutarudi nyumbani mimi na yeye, na sitakuwa tena na sababu ya kunyamaza. Nitamuuliza kama angenioa tena. Naogopa sana, mwanangu, lakini nitamuuliza, na safari hii nitakaa mpaka ajibu.

Ukifika salama, mpigie yeye kwanza.

Mama yako